Kivu: Anayenunua chakula kwa kopo analipa zaidi, lakini akiba ya nyumbani ina masharti yake

Katika masoko ya Goma na Bukavu, maharagi yaleyale yana bei mbili. Kuna bei ya mfuko, ambayo inalipwa na mwenye depo, mwenye restora ao mtu anayepata mshahara wa dola. Kuna pia bei ya kopo, ambayo inalipwa na mama anayefika sokoni saa kumi na moja za jioni akiwa na franka zilizopatikana siku ileile. Kilo kwa kilo, huyu wa pili ndiye anayelipa zaidi. Na ndiye mwenye feza kidogo.

Jambo hilo si jipya. Lakini tangu mwaka 2025 limekuwa zito zaidi. Waasi wa AFC/M23 waliingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza, kisha Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Uwanja wa ndege wa Goma na ule wa Kavumu ilisimama. Mabenki yalifunga milango. Jamaa nyingi zikarudi kwenye maisha ya kutafuta leo na kula leo, hata zile ambazo mbele ya vita zilikuwa na mshahara wa mwezi.

Ndiyo sababu shauri moja linasikika sana katika vikundi vya mama, makanisani na kwenye redio: nunua vyakula vya bei nafuu vinavyokauka na kudumu, uviweke nyumbani, usiende sokoni kila siku. Shauri hilo ni la kweli kwa sehemu kubwa. Lakini lina masharti, na anayelifuata bila kuyajua anaweza kupoteza kuliko angepoteza kwa kopo.

Njia zinazoleta chakula

Ili kuelewa bei, inafaa kuanzia barabarani. Goma haijilishi. Maharagi, mahindi, viazi na muhogo vinatoka Rutshuru, Masisi na Kalehe. Mafuta ya mawese yanatoka Walikale na upande wa Beni. Bukavu inategemea Kabare, Walungu na Kalehe, mchele wa bonde la Ruzizi, na mafuta ya Fizi, Mwenga na Shabunda. Ziwa Kivu linabeba mizigo kati ya miji hiyo miwili.

Kila mara moja ya njia hizo inapokatika, soko linajua siku ileile. Mwezi wa pili 2024, mapigano karibu na Sake yalifunga barabara kati ya Goma na Masisi, na bei ya vyakula ikapanda mjini mbele hata ya vita kufika mjini. Kanyabayonga ilipoanguka mwezi wa sita mwaka huohuo, barabara ya Goma kwenda Butembo nayo ikawa njia ya kuvuka mstari wa mbele. Bidhaa za upande wa Beni na Lubero zikawa zinazunguka mbali zaidi, zingine kwa kupitia Uganda.

Juu ya umbali kuna malipo ya njiani. Kila barriere, iwe ya jeshi, ya waasi, ya kikundi cha wenye silaha ao ya kamba iliyofungwa na vijana wa kijiji, inaongeza franka kwenye mfuko. Mchuuzi hazili franka hizo. Anazigawanya katika makopo, na mnunuzi wa mwisho ndiye anazilipa.

Mwezi wa tatu 2025, PAM na FAO zilitangaza kwamba watu karibu milioni 28 katika DRC walikuwa katika ukosefu mkubwa wa chakula. Majimbo ya mashariki ni kati ya yale yaliyoumia zaidi. Nyuma ya hesabu hiyo kuna maamuzi madogo ya kila siku: kula mara mbili ao mara moja, kuweka maharagi ao sombe peke yake, kununua mafuta ao kuacha.

Hesabu ya kopo na ya mfuko

Namba zinazofuata ni za mfano tu, ili hesabu ionekane. Kila mkaaji anaweza kuweka bei ya soko lake pahali pake.

Kama mfuko wa maharagi wa kilo 100 unauzwa franka 240.000, kilo moja inarudi 2.400. Kama kwa kopo kilo ileile inafika 3.000, tofauti ni franka 600. Jamaa ya watu saba inayopika kilo moja kwa siku inapoteza franka 18.000 kwa mwezi kwa sababu moja tu: haikuwa na feza ya mfuko siku moja. Feza hiyo ni sabuni, ni makala, ni sehemu ya minerval ya mtoto.

Kuna hasara ingine ambayo haionekani kwa bei. Kila soko lina kipimo chake: murongo huku, kopo la Guigoz kule. Wanunuzi wanajua kwamba kuna makopo yaliyogongwa chini hadi sakafu yake ikapanda, na kuna mkono unaojaza hadi juu na mkono mwingine unaopangusa. Mizani inasema kitu kimoja, kopo linasema kitu kingine. Anayenunua kwa mfuko uliopimwa kwenye mizani anakwepa mchezo huo.

Hata hivyo haifai kumhukumu mama muuzaji. Yeye naye amenunua kwa mwenye depo, amelipa msukuma kitoroli, amelipa ushuru wa meza, na jioni anabaki na mabaki ambayo hayakuuzwa. Mara nyingi ni yeye anayemkopesha jirani hadi kesho. Tofauti kati ya mfuko na kopo ni bei ya kazi yake na ya hatari yake. Shida ni kwamba bei hiyo inaangukia wale wasioweza kuiepuka.

Vyakula gani vinastahili kuwekwa

Si kila kitu cha bei nafuu kinafaa kwa akiba. Kwa mfano nyanya, ndizi na sombe mbichi vinabaki vya kila siku, na ni vizuri vibaki hivyo, kwa sababu mwili unavihitaji vikiwa vipya. Akiba ya jamaa ya Kivu inasimama juu ya vitu vichache: maharagi, mahindi, muhogo mkavu, mchele kidogo, chumvi, mafuta, na samaki wakavu wadogo, yaani sambaza za Ziwa Kivu ao ndakala za Ziwa Tanganyika.

Maharagi yanashika nafasi ya kwanza. Kwa jamaa isiyoweza kununua nyama, ndiyo yanajenga mwili wa mtoto. Yakiliwa pamoja na bugali ya mahindi, vyakula hivyo viwili vinasaidiana, kila kimoja kikileta kile ambacho kingine kinapungukiwa. Kituo cha utafiti cha INERA Mulungu, katika Kivu ya Kusini, kimefanya kazi ya miaka mingi juu ya mbegu za maharagi, na kati yake kuna zile zenye madini mengi ya chuma, ambayo ni ya lazima kwa wanawake wenye mimba na watoto.

Kwa mahindi na muhogo, wenye ujuzi wa nyumbani wanajua jambo ambalo maduka hayasemi: ni vizuri kuweka mbegu na vipande vikavu kuliko unga. Unga unavuta unyevu upesi, unapata uchungu na vidudu. Mahindi ya mbegu na mihogo mikavu inapelekwa kwenye mulini kidogo kidogo, kila juma ao kila majuma mawili. Mulini inalipwa mara nyingi zaidi, lakini chakula hakiharibiki.

Muhogo unaomba uangalifu wa pekee. Ule mchungu ukikaushwa bila kulowekwa siku za kutosha unabaki na sumu. Ugonjwa wa konzo, unaolemaza miguu ya watoto na wanawake, unaonekana pahali ambapo watu wanakula muhogo kama huo karibu peke yake, bila maharagi wala samaki. Umewahi kuonekana hata katika Kivu ya Kusini. Wakati wa vita, haraka ya kuuza inafupisha siku za kuloweka. Anayenunua mfuko mzima wa mihogo mikavu ana haki ya kuuliza ilitoka wapi na ililowekwa namna gani.

Chumvi ni rahisi na inasahaulika. Ile yenye iode inapoteza nguvu yake ikikaa wazi kwenye unyevu, kwa hiyo inafungwa vizuri. Kisiwa cha Idjwi kilijulikana zamani kwa watafiti kwa sababu ya ugonjwa wa shingo kuvimba uliotokana na ukosefu wa iode. Kuokoa franka chache kwa kununua chumvi isiyo na iode si akiba.

Kununua wakati wa mavuno, si wakati wa uvumi

Sehemu kubwa ya faida haitokani na mfuko peke yake. Inatokana na mwezi ambao mfuko ulinunuliwa. Katika Kivu maharagi yana misimu miwili. Msimu A unapandwa kuanzia mwezi wa tisa na unavunwa mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza. Msimu B unapandwa mwezi wa pili na wa tatu na unavunwa mwezi wa sita na wa saba. Katika miezi ya mavuno bei inashuka; karibu na mwezi wa nne na wa tano, na tena karibu na mwezi wa kumi na wa kumi na moja, inapanda.

Kwa ndakala kuna kalenda ingine. Inchi zinazopakana na Ziwa Tanganyika, yaani DRC, Burundi, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu kila mwaka, kuanzia katikati ya mwezi wa tano, ili samaki wapate kuzaa. Jamaa ya Uvira, Baraka ao Kalemie inayoweka samaki wakavu kidogo mbele ya tarehe hiyo inavuka kipindi hicho vizuri kuliko ile inayongoja hadi wavuvi wafunge nyavu.

Kinyume cha kalenda ni uvumi. Habari inapopita kwamba mji fulani umeanguka ao kwamba mpaka utafungwa, kila mwenye dola kumi anakimbilia depo. Bei inapanda saa ileile, na anayenunua siku hiyo ananunua kwa bei ya woga. Wakaaji wa Goma waliliona hilo mwezi wa kwanza 2025, na wale wa Bukavu majuma machache nyuma. Akiba iliyowekwa mwezi wa kumi na mbili, wakati wa mavuno, ingekuwa ya bei nafuu zaidi na isingemnyima jirani chochote.

Hapo pia ndipo inaonekana tofauti kati ya akiba na ufichaji. Jamaa inayoweka kilo 30 za maharagi kwa kula haipandishi bei ya soko. Mwenye depo anayefunga milango akiwa na tani kadhaa, akingoja barabara ikatike, huyo anaipandisha. Mara nyingi hotuba za viongozi zinawachanganya wawili hao.

Mdudu, unyevu na makala

Adui wa kwanza wa mfuko ni mdudu wa maharagi. Anaingia tangu shambani, mayai yake hayaonekani, na baada ya miezi miwili mitatu mfuko unajaa matundu na vumbi.

Hesabu ya mfano ule wa juu inaonyesha uzito wake. Mfuko wa kilo 100 ulionunuliwa franka 240.000 ukipoteza kilo 10, kilo inayobaki inarudi karibu 2.670. Ukipoteza kilo 20, kilo inarudi 3.000, yaani sawasawa na bei ya kopo. Faida yote imeliwa na mdudu, na jamaa imebaki na chakula kibaya.

Dawa rahisi zaidi ni kumnyima mdudu hewa. Maharagi yaliyokaushwa vizuri juani, yakapoa, yakajazwa hadi juu katika bidoni safi na kavu yenye kifuniko kinachofunga kabisa, yanaua wadudu bila dawa ya sumu, kwa sababu hewa iliyo ndani inaisha. Mifuko ya PICS, yenye ngozi mbili za plastiki ndani ya mfuko wa kawaida, inafanya kazi kwa njia ileile. Sharti ni moja: isifunguliwe kila siku. Anayefungua bidoni kubwa kila asubuhi anarudisha hewa. Ni vizuri kuwa na bidoni ndogo nyingi, na kufungua moja kwa wakati. Bidoni iliyobeba petroli ao dawa ya mashamba haifai kamwe kwa chakula.

Adui wa pili ni unyevu. Bukavu inapata mvua kwa miezi mingi ya mwaka, na nyumba nyingi za mbao ao za udongo zinalowa chini. Mfuko unaokaa chini kwenye sakafu ao unaogusa ukuta unaota ukungu. Mbao mbili ao matofali machache chini ya mfuko yanatosha kubadilisha mambo. Kwa mahindi na karanga hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kuna ukungu unaotoa sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo inaharibu ini na haiondoki hata chakula kikipikwa kwa muda mrefu. Mahindi yenye ukungu hayasagwi ili kufichwa katika unga mzuri. Yanatupwa, hata kama roho inauma.

Adui wa tatu hasemwi mara nyingi: makala. Maharagi yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu yanakuwa magumu, na yanaomba moto zaidi. Katika miji ambako makala ni kati ya matumizi makubwa ya nyumba, maharagi ya bei nafuu yanayochemka nusu ya siku si ya bei nafuu tena. Kuyaloweka usiku kucha, kumwaga maji yale, na kufunika sufuria wakati wa kupika kunapunguza moto. Na kwa sababu hiyo hakuna faida ya kuweka maharagi ya mwaka mzima. Akiba ya msimu mmoja, hadi mavuno yanayofuata, inatosha.

Feza ya mfuko itoke wapi?

Hapa shauri la akiba linagonga ukuta. Anayepata franka za siku hawezi kutoa 240.000 kwa mara moja. Kumwambia anunue mfuko ni kama kumwambia awe mtu mwingine.

Mkopo si jibu zuri sikuzote. Katika vikundi vingi vya akiba, riba ya asilimia 10 kwa mwezi ni ya kawaida. Kwa mfuko wa mfano wetu, hiyo ni franka 24.000 kila mwezi. Deni likikaa miezi miwili na nusu, riba inafika 60.000, na kilo inarudi 3.000, bei ya kopo. Likizidi hapo, aliyekopa ili aokoe amelipa kuliko asiyekopa. Mkopo wa chakula una maana tu kama unarudishwa ndani ya mwezi mmoja.

Jibu ambalo mashariki mwa Kongo inalo tayari ni kikundi. Likelemba, MUSO na AVEC zimezoeleka katika Kivu yote, mjini na vijijini. Zilisaidia hata wakati mabenki yalipofunga, kwa sababu sanduku la kikundi halingojei kibali cha mtu. Jamaa nne zikichanga franka 60.000 kila moja zinagawana mfuko ule, kilo 25 kwa kila nyumba, kwa bei ya depo. Kwa likelemba ya watu kumi, zamu ya kila mmoja inaweza kulipwa kwa mfuko badala ya noti.

Vikundi vya AVEC vina siku moja ya kugawana akiba, kwa kawaida mwishoni mwa mzunguko wa mwaka. Vingi vinaiweka mbele ya sikukuu za mwisho wa mwaka ao mbele ya masomo kuanza. Siku hiyo ikikutana na mavuno ya msimu A, feza inafika mkononi wakati maharagi yako chini. Kikundi kinaweza kukubaliana mapema kwamba sehemu ya mgao itanunua chakula kwa pamoja, kwa mkulima moja kwa moja, na mizani ikionekana kwa wote. Hilo linamsaidia pia mkulima wa Kabare ao wa Rutshuru, ambaye wakati wa mavuno analazimishwa kuuza kwa bei ya chini kwa mchuuzi wa kwanza anayefika.

Kuna sababu ingine ya kufikiria chakula kama akiba. Mabenki yalipofunga, wenye feza kwenye konti walibaki na namba tu. Wengi waligeukia feza za simu, lakini kuzitoa kukawa na makato makubwa kuliko kawaida, kwa sababu noti zilikuwa chache. Noti zilizochakaa zilikataliwa sokoni. Kisha, katika mwezi wa tisa na wa kumi 2025, franka ilipata nguvu mbele ya dola. Aliyeweka dola alipata franka chache zaidi kwenye meza ya kubadilisha, na bei ya vyakula haikushuka kwa mwendo uleule. Katika muda huo wote, kilo 25 za maharagi zilibaki kilo 25 za maharagi.

Akiba inayoweza kuporwa

Pamoja na hayo, hakuna anayeweza kuwaambia wakaaji wa Kivu wajaze nyumba bila kusema neno juu ya uporaji. Katikati ya mwezi wa pili 2025, PAM ilisema kwamba karibu tani 7.000 za chakula ziliporwa katika depo zake za Bukavu. Kama depo yenye ukuta na walinzi ilimwagwa, nyumba ya mbao ya Kadutu ao ya Ndosho haina ulinzi wowote.

Kuna pia kukimbia. Mwezi wa pili 2025, kambi za wakimbizi wa ndani pembeni ya Goma zilibomolewa na mamia ya maelfu ya watu wakalazimika kuondoka tena. Anayekimbia na mtoto mgongoni habebi mfuko wa kilo 100. Anabeba labda kilo tano, na sufuria.

Kwa hiyo kiasi cha akiba kinatakiwa kufuata hali ya usalama. Pahali ambapo mapigano yako karibu, chakula cha majuma mawili ao cha mwezi mmoja ni akiba ya kutosha, kikigawanywa katika bidoni ndogo ambazo zinaweza kubebwa ao kufichwa sehemu mbalimbali. Vikundi vingine vinachagua kutoweka mifuko yote katika nyumba moja. Kimya nacho ni ulinzi: mfuko unaoingia mchana mbele ya macho ya watu wote unajulikana usiku.

Na kuna jambo la undugu. Katika Kivu, nyumba yenye chakula inapokea watu. Jamaa nyingi za Goma na Bukavu zimekaa na ndugu waliokimbia vijiji, na akiba ya mwezi mmoja ikaisha kwa siku kumi. Hiyo haimaanishi kwamba hesabu ilikosea. Ndivyo watu waliookoka walivyookoka. Anayepanga akiba bila kuhesabu wageni anapanga kwa ajili ya inchi ingine.

Mzigo hauwezi kubaki kwa mama peke yake

Akiba ya nyumbani inapunguza tofauti kati ya kopo na mfuko. Inaweza kuokoa jamaa siku ambazo barabara imefungwa. Lakini haiwezi kufungua barabara. Haiondoi barriere, hairudishi mkulima wa Masisi kwenye shamba lake, hailipi mshahara wa mwalimu, na haifungui benki.

Kuna mambo ambayo wenye mamlaka, upande wowote walipo, wanaweza kufanya bila kungoja mwisho wa mazungumzo ya amani: kuacha kutoza chakula kila kilometa chache, kuweka mizani inayoaminika katika masoko makubwa na kukataa makopo yaliyogongwa, kuacha mizigo ya chakula ipite mstari wa mbele. Mashirika ya kusaidia nayo, yanapogawa chakula ao feza, yanaweza kugawa pamoja nayo bidoni na mifuko isiyoingiza hewa. Inagharimu kidogo kuliko chakula kinacholiwa na wadudu.

Bila hayo, shauri la kuweka akiba linabaki kweli kwa yule aliye na kitu cha kuweka. Kwa wengine linaanzia padogo zaidi: jamaa nne zinazoaminiana, mfuko mmoja mwezi wa kwanza, bidoni nne zilizofungwa vizuri. Mwezi wa nne, bei itakapopanda tena katika soko la Virunga ao la Kadutu, jamaa hizo zitakuwa na sahani moja zaidi kuliko mwaka uliopita.